Kupanda ghorofa 110 kwa jina la zimamoto aliyekufa kazini: mwongozo kamili kwa mlioishia ya 40

Kila mwaka ikishapita tarehe 11 Septemba napokea meseji zilezile. Kaka, mi miguu iligoma ghorofa ya 38. Mi pumzi ilikuwepo ila mapaja yaliwaka moto nikakaa chini. Mwingine kafika 52 akatapika, akashushwa na lifti kaegemea ukuta kama mgonjwa wa malaria. Na cha ajabu wengi ni watu wa mazoezi, anakimbia kilomita 10 kila Jumamosi, anacheza mpira, afu ngazi zinamuaibisha mbele ya wanawe.

Siwacheki. Mi mwenyewe ni zimamoto wa kujitolea kwenye mji mdogo huku Marekani, na mwaka wangu wa kwanza niliishia ya 47, nikakaa kwenye ngazi kama mtu anayesubiri daladala huku kina mama wa miaka sitini wananipita na kuniambia pole.

Kwa mgeni: unapanda ngazi ghorofa 110, idadi ya zile za minara ya World Trade Center, na kifuani umevaa kadi yenye jina na picha ya mmoja wa wale wazimamoto 343 wa New York waliokufa minara hiyo iliposhambuliwa siku ile ya 2001. Kabla ya siku unachangisha hela. Ukimaliza unataja jina lake kwa sauti na kugonga kengele. Basi, tuanze.

## Vitu vya kuwa navyo

- Viatu vya mazoezi vilivyokwisha kuuzoea mguu. Kama unapanda na vifaa vya kazi, basi buti zako mwenyewe, sio za kuazima.
- Soksi jozi mbili, zisiwe za pamba. Pamba ikilowa jasho inasugua, na malengelenge yanaanza ghorofa ya 30.
- Begi la mgongoni lenye mkanda wa kiunoni, na mchele. Ndio mchele, pakiti za kilo 5. Dambeli zinakugonga mgongo, mchele unatulia.
- Vaseline. Paka kwapani, mapajani, na pale mkanda unapokaa.
- Chupa mbili za maji za nusu lita pamoja na ORS. Chumvi inatoka na jasho, maji peke yake hayairudishi.
- Taulo dogo na fulana kavu ya kubadilisha.
- Glovu nyepesi za kushikia reli.
- Ukurasa wako wa michango wa tukio lenyewe. Akaunti yako binafsi isihusike kabisa, sababu iko hatua ya 3.

Wazimamoto mnaopanda na vifaa kamili ongezeni koti, suruali, helmeti na mtungi wa hewa, jumla kilo 20 na kitu. Wengine wanabeba na mpira wa maji begani wanafika 30 na zaidi, hao ni watu wa shari zao. Na tafadhali fueni hivyo vifaa kabla ya kuja. Mwaka 2022 shirika la utafiti wa saratani la WHO, IARC, liliweka kazi ya zimamoto kwenye kundi la kwanza la visababishi vya saratani, na masizi yaliyoganda kwenye koti ni sehemu ya hiyo habari. Unakuja na koti linanuka moto wa juzi afu watoto wanakukumbatia upige nao picha. Hapana.

## Hatua ya 1: Pima moyo, kisha chagua uzito

Usijisajili kundi la vifaa kamili kwa sababu picha zinapendeza. Jisajili kwa uzito unaoumudu.

Sababu ni hii: huku Marekani kinachoongoza kuua wazimamoto kazini kwa miaka mingi ni moyo kusimama ghafla. Moto wenyewe uko nyuma yake. Ngazi na mzigo na koti lisilopitisha hewa ni mtihani uleule. Kama umevuka miaka 40, una presha, sukari, au mzee wenu yeyote alianguka ghafla akiwa bado kijana, nenda kapime kwanza, mwambie daktari unachotaka kufanya, mwambie na namba: ngazi kama 2,200, na kilo ngapi mgongoni.

Ukiwa sawa: daktari kakuruhusu, na unapanda ghorofa 10 bila mzigo afu dakika tano baadaye mapigo yameshatulia. Kama bado moyo unagonga kama ngoma ya unyago, mwaka huu panda bila mzigo. Hakuna atakayekucheka na wa kukucheka mwenyewe ataishia ya 40.

## Hatua ya 2: Fundisha mapaja, mapafu yatafuata

Hapa ndo wengi mnapofeli. Kukimbia barabarani kunasukuma mwili kwenda mbele. Ngazi kila hatua inakutaka uinue mwili wote, na mzigo, kwa mguu mmoja uliokunja goti. Ni kazi ya mapaja na makalio, na mkimbiaji anaweza kuwa na mapafu ya ng'ombe lakini mapaja hayajawahi kuulizwa swali hilo.

Jipe wiki 12. Mara tatu kwa wiki inatosha, na siku za katikati pumzika, misuli inajengeka ukiwa umelala.

Wiki 1 hadi 3, ghorofa 30 kila safari bila kitu mgongoni. Wiki 4 hadi 6, ghorofa 50 na pakiti moja ya mchele. Wiki 7 hadi 9, siku moja kati ya tatu iwe ndefu, ghorofa 80 na pakiti mbili, hizo nyingine mbili ziwe fupi. Wiki ya 10 panda 90 ukiwa na viatu, soksi na mzigo wa siku yenyewe, kama kuna kitu kinababua utakijua hapo. Wiki ya 11 punguza nusu. Wiki ya 12 tembea tu, kula, lala. Mwenye kupanda na mtungi aongeze taratibu mpaka afikie uzito wake wa kweli kwenye wiki ya 9, asiruke.

Huna jengo refu? Usihangaike na jengo la ghorofa nne kupanda na kushuka mara 28, kule kushuka kutakumaliza. Tafuta gym yenye mashine ya ngazi, au chukua boksi imara la urefu wa sentimita 20 hivi, panda shuka mara 20 uhesabu ghorofa moja. Inachosha akili kuliko mwili lakini inafanya kazi, mi nilifanya gereji kwetu kipindi cha theluji nikisikiliza taarabu, mke wangu akadhani nimechanganyikiwa.

Mnaosoma mkiwa Nairobi mtanielewa nikisema ghorofa 110 ni KICC, lile jengo refu la mikutano la katikati ya jiji, mara nne kasoro ghorofa mbili. KICC ina 28. Shikeni hiyo hesabu, tutaitumia siku yenyewe.

Angalizo: goti likiuma kwa ndani kama sindano, acha siku tatu. Paja kuwaka ni kawaida. Goti kuchoma sio kawaida.

Ukiwa sawa: wiki ya 9, ukiwa ghorofa ya 60 na mzigo mgongoni, unaweza kusema "Mama naja saa mbili usiku niwekee chakula" kwa pumzi moja bila kukatika. Ukikatika kwenye "naja", unakwenda mbio mno.

## Hatua ya 3: Hela

Kosa la kwanza la Waswahili wenzangu: unarusha linki kwenye group la WhatsApp la watu 200, unaweka vidole vya kuomba, unasubiri. Watu watatu wanaweka emoji ya moto. Mwisho.

Mchango wa group ni wa kila mtu kwa hiyo sio wa mtu. We fanya kama kamati ya harusi inavyofanya, kila mtu apewe kadi yake na kiwango chake. Andika majina 30, mtumie mmoja mmoja, na taja kiasi. Mimi naomba dola 11, yani senti 10 kwa kila ghorofa. Mtu akisikia senti 10 kwa ghorofa anacheka, na mtu aliyecheka anatoa.

Meseji niliyomtumia mjomba wangu ilikuwa hivi:

*"Shikamoo mjomba. Tarehe 11 mwezi wa 9 napanda ngazi ghorofa 110 kwa jina la Orio Palmer, zimamoto aliyekufa New York mwaka 2001. Naomba unishike mkono kwa dola 11, senti 10 kila ghorofa. Linki ni hii, hela inaenda moja kwa moja kwenye mfuko, mimi siigusi. Nikimaliza nakutumia picha."*

Hiyo "mimi siigusi" ndo imebeba meseji yote. Hela ikipitia kwenye akaunti yako, hata uwe malaika, kuna siku mtu atauliza zile ziliishia wapi, na undugu unaingia doa kwa dola 11. Kuna kikundi kimoja nilichowahi kukaa nacho walikusanya mkononi, hesabu haikutimia kwa dola sitini tu, mpaka leo kuna watu wawili hawasalimiani msibani.

Utaulizwa pia mbona tunachangia wafu wa zamani. Jibu unalo. Kwenye matukio yaliyo chini ya National Fallen Firefighters Foundation, shirika la Marekani la kuwaenzi wazimamoto waliokufa kazini, michango inasaidia familia zao, na kitengo cha ushauri nasaha cha FDNY, yani idara ya zimamoto ya New York. Na vifo havikuisha siku ile. Vumbi la ile minara limeendelea kuua kwa saratani na magonjwa ya mapafu, mpaka Septemba 2023 idadi ya watu wa FDNY waliokufa kwa magonjwa hayo ikafika 343 vilevile, na imeshapita. Mwambie mtu hivyo halafu nyamaza.

Ukiwa sawa: watu 10 kati ya 30 wametoa ndani ya wiki mbili. Waliokaa kimya wakumbushe mara moja tu. Mara mbili ni deni.

## Hatua ya 4: Lijue jina kabla hujalivaa

Watu wanairuka hii wanaona ni mapambo. Lakini nakwambia ghorofa ya 70 sababu zako zote za afya na picha zinaisha, linabaki hilo jina.

Ukipewa kadi siku chache kabla, tafuta alikuwa kikosi gani, alikuwa na miaka mingapi, na jina linatamkwaje. Wengi ni majina ya Kiitaliano na Kiairishi na hayasomwi yalivyoandikwa, muulize mwandaaji, usione aibu. Ukumbini anaweza kuwepo ndugu yake. Nimewahi kusikia mtu anaboronga jina kwenye kengele, na dada mmoja safu ya tatu akalitamka tena taratibu, kwa sauti ya chini, kama anamsahihisha mtoto. Hakukasirika. Ndo ilikuwa mbaya zaidi.

Kama kadi zinatolewa asubuhi ileile, chukua dakika tano pembeni, lisome kwa sauti mara kumi.

## Hatua ya 5: Siku mbili za mwisho

Kula wali, ndizi, ugali, chochote tumbo lako limekizoea, na usijaribu kitu kipya. Maji kidogokidogo siku nzima, sio lita mbili asubuhi ile. Pombe achana nayo.

Angalizo kubwa: usimeze diklofenaki wala ibuprofen asubuhi ili "kuzuia maumivu". Mwili ukikaukiwa maji hizo dawa zinaumiza figo. Kata kucha za miguu. Paka Vaseline. Chai na mkate saa mbili kabla ya kuanza, imetosha.

## Hatua ya 6: Kupanda

Sasa sikia. Asubuhi kutakuwa na zumari za Waskochi, bendera, watoto wanapiga makofi, wimbo wa taifa, watu wanalia. Damu inachemka. Mlango wa ngazi unafunguliwa na kila mtu anapaa, ghorofa moja sekunde 20.

Usiende nao. Hapo ndo nilipojimaliza mimi mwaka ule wa kwanza, ghorofa 15 za kwanza nilizipanda kama nimeibiwa. Misuli ukiianza hivyo inachoma sukari haraka kuliko pumzi inavyoleta oksijeni, na ule moto ukishaingia mapajani hautoki hata ukipunguza mwendo baadaye.

Shika sekunde 40 kwa ghorofa. Zidisha mara 110, ni dakika 73, weka na mapumziko unamaliza saa moja na nusu bila kugombana na mtu. Mwenye vifaa kamili akienda sekunde 50 hadi 60 yuko vizuri tu.

Namna ya kukanyaga: weka unyayo wote kwenye ngazi, kisigino ndani. Ukipandia vidole kazi inakwenda kwenye vigimbi, na vigimbi ni misuli midogo, vitakaza ghorofa ya 40. Inama kidogo kutokea kiunoni, sio kujikunja mgongo. Mkono mmoja kwenye reli, uvute kabisa, mkono nao una nguvu zake bure. Ngazi zikikata kona bana upande wa ndani, njia ni fupi. Kila ghorofa tano badilisha mkono. Ukihisi misuli fulani imechoka ruka ngazi mbilimbili kwa ghorofa moja tu, unaipumzisha ile na kuamsha nyingine, afu rudi mojamoja.

Usisome namba za ghorofa kila kona, zinakula moyo. Gawa kwa KICC. KICC ya kwanza, ghorofa ya 28, simama dakika moja unywe maji, usikae. Ya pili ni 56, fungua koti joto litoke, maana jasho ndani ya lile koti halikauki kwa hiyo halikupoozi, unapikika polepole kama maandazi yaliyofunikwa. Ya tatu 84. Iliyobaki ni KICC pungufu na hata ukitambaa utafika.

Mwenye mtungi: ubebe tu mgongoni, usivute hewa yake. Mtungi ulioandikwa dakika 30, kwa kazi nzito kama hii unaweza kuisha kwenye dakika 15 hadi 20, utabaki na barakoa inakukaba.

Baadhi ya matukio yanasimama ghorofa ya 78. Huko ndo Orio Palmer alifika kwenye mnara wa kusini, mkuu wa kikosi cha saba, mtu wa marathoni. Alitumia lifti mpaka karibu ya 40, iliyobaki akapanda kwa miguu na vifaa vyake, na sauti yake kwenye redio ya upepo ipo mpaka leo, anaripoti moto sehemu mbili na kwamba mipira miwili ya maji ingetosha. Pumzi inasikika lakini maneno yamenyooka. Mnara huo ukaanguka saa nne kasoro dakika moja asubuhi. Ukifika 78, vua helmeti au kofia, simama, tulia, afu endelea kabla miguu haijapoa.

Toka kwenye ngazi mara moja kama kifua kinabana, maumivu yanakwenda mkononi au tayani, kichwa kinazunguka, au jasho limekauka ghafla na unasikia baridi. Mwambie mtu wa kwanza unayemuona. Watu wa huduma ya kwanza wapo kwa ajili hiyo. Na ukimuona jirani yako anaanza kuongea maneno hayaeleweki, mkamate yeye.

Jengo likiwa fupi, mfano ghorofa 20, utapanda mara tano na nusu. Kama kuna lifti ya kushukia, shuka nayo. Wanaume wengi wanakataa wanashuka kwa miguu, kuonyesha. Kushuka kunachana misuli ya paja kuliko kupanda, kwa sababu inafanya kazi huku inavutwa, na bili inakuja raundi ya nne.

## Hatua ya 7: Kengele

Ukitoka juu kaa pembeni dakika moja upate pumzi. Usiende na haraka kwenye kipaza sauti ukaanza kuhema. Sema jina lote, sema kikosi, gonga mara moja. Hakuna hotuba. Hakuna salamu za nyumbani.

Ukiwa sawa: watu wa safu ya mwisho wamelisikia jina.

## Hatua ya 8: Siku tatu zinazofuata

Tembea dakika kumi kabla ya kukaa, badilisha fulana, kunywa ORS, kula chumvi na wanga. Kesho yake utakuwa unashuka ngazi za nyumbani kinyumenyume, hiyo ni sawa. Lakini angalia mkojo. Ukitoka rangi ya kokakola au chai ya rangi, au paja limevimba na kuwa gumu kama ubao, nenda hospitali siku hiyohiyo. Misuli iliyovunjika inamwaga protini kwenye damu na figo zinaziba. Vijana wenye nguvu ndo wanaoongoza kwa hilo kwa sababu hawajui kuacha.

Jioni hiyohiyo watumie wachangiaji picha ya kadi, jumla ya hela, na dakika ulizotumia, mmoja mmoja kama ulivyowaomba. Mjomba wangu hakusema kitu kuhusu hela wala dakika. Aliuliza tu, huyo Palmer alikuwa na watoto? Nikamwambia watatu.